Kisu cha Mfukoni kwa Mtu wa Mashoto: Angalia Loki Kwanza

Wadau, mambo vipi, karibuni sana. Leo naongea na watu wa mashoto. Wanasema karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani anatumia mkono wa kushoto. Sasa hebu piga hesabu hapa Dar tuko wangapi, halafu nenda Kariakoo ukaulizie kisu cha kukunja kinachomfaa mtu wa mashoto. Muuzaji atakwambia, "Kaka, kisu ni kisu tu, chukua." Hapana! Tena inaniudhi sana hiyo kauli, na nitawaonyesha kwa nini hapa hapa mezani.

Hiki cha bluu ni Bugout, cha Benchmade, wale Wamarekani wa Oregon. Kimetoka 2017, kwa hiyo urefu wa bapa na aina ya chuma kila chaneli imeshawaeleza, mimi sirudii. Namba ninayoitaka ni moja. Naweka kwenye mizani ya jikoni, subirini itulie... gramu 52. Jamani! Kwa joto hili la Dar tunavaa suruali za kitambaa laini. Ukiweka kisu kizito mfuko unaning'inia, ukikimbilia mwendokasi kinakugonga paja. Hiki nikikitia mfukoni asubuhi, nakikumbuka nikiwa na kazi nacho.

Lakini uzito sicho kilichonileta leo. Kilichonileta ni loki. Kamera sogea, sogea tena, hapo hapo.

Chukua hiki cheusi kwanza. Ni cha Kariakoo, jina la kampuni silitaji. Kina loki ya kawaida kabisa, ile ya kibati chembamba ndani ya mpini. Ukifungua kisu, kibati kinaruka kutoka upande mmoja, kinakaa nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi. Visu vingi sana vya kukunja vina loki hii. Sasa nakishika kwa mkono wa kulia. Ona dole gumba lilivyoangukia: upande wa kushoto wa mpini, palipochongwa kijinafasi chake. Linasukuma kibati kwenda kulia, bapa linaachia, unakunja. Rahisi.

Nahamia kushoto. Dole gumba langu sasa liko upande wa pili, na upande huu hakuna nafasi ya kusukuma, kuna ukuta mtupu. Kibati kinatakiwa kije kuelekea kwenye dole gumba. Kwa hiyo nifanyeje? Ama nikivute kwa ukucha, angalia hapa ninavyohangaika, ama nikisukume kwa kidole cha shahada. Sasa kiangalie kidole cha shahada kilipo. Naganda hapo ili muone vizuri. Kiko njiani! Bapa likishuka, makali yanakuja moja kwa moja kwenye kidole. Mtu wa kulia hajawahi kuliwaza hili maishani mwake, sisi tunalifanya kila tunapokunja kisu. Na hiki cheusi kina ubaya mwingine: kile kidude cha kusukumia bapa lifunguke kimewekwa upande mmoja tu. Upande gani? Wa dole gumba la kulia, bila shaka.

Haya, weka pembeni. Rudi kwenye cha bluu. Hapa kuna kijiti cha chuma kinachopita kutoka upande huu wa mpini hadi upande huu. Mnaona kichwa chake hapa, nageuza, na hapa. Pande zote mbili sawasawa. Ndani kuna springi mbili ndogo zinazokisukuma mbele kikae juu ya kitako cha bapa. Benchmade wanaiita AXIS, wako nayo tangu 1998. Nafungua kwa kushoto, vidude vya kusukumia viko huku na huku. Tak! Sasa kufunga: navuta kijiti nyuma kwa dole gumba, bapa linalegea, nalitikisa kidogo, limeingia. Vidole vyangu viko wapi? Nyuma, mbali kabisa na makali. Narudia polepole. Vuta, legea, ingia. Kwa kulia sasa: vuta, legea, ingia. Hakuna tofauti hata chembe! Ningekaa hapa nikifungua na kufunga mpaka umeme ukatike.

Kwenye maoni ya video iliyopita ndugu mmoja aliuliza, springi ikikatika itakuwaje? Swali zuri. Ziko mbili, mara nyingi moja ikikatika ile ya pili bado inashika, ila kisu kinakuwa kilegevu na inabidi ubadilishe. Usiendelee nacho hivyo hivyo.

Klipu. Hapa wengi tunaibiwa. Kisu kinaandikwa kinafaa mikono yote, ukifika nyumbani unakuta klipu imefungwa upande mmoja na upande wa pili hauna tundu hata moja la skrubu. Mtu wa mashoto anaweka kisu mfuko wa kushoto, kwa hiyo klipu lazima ihamie. Hii inahama, bisibisi ndogo ya nyota tu. Ukiwa dukani geuza kisu uangalie matundu ya upande wa pili. Hayapo? Rudisha, ondoka.

Sasa washindani, maana najua mtaniandama. Spyderco wana Delica. Loki yake iko mgongoni mwa mpini, unabonyeza kwa dole gumba, na mgongo hauna kulia wala kushoto. Bapa lina tundu la mviringo lililotoboka pande zote, na klipu inakaa sehemu nne tofauti. Ni kama gramu 70, bado kepesi. Kukunja kwa mkono mmoja kunataka mazoezi, hapo ndipo Bugout inampita. Lakini kwa mtu wa pwani, Spyderco wana kitu kinachonitia wivu: chuma cha visu vyao vya Salt, vile vya kutumia baharini. Kina naitrojeni ndani yake na kutu ya maji ya chumvi haikisumbui. Ukiwa unashinda Feri kwenye samaki, au unaishi Kigamboni upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye droo ya nguo, sahau Bugout, nenda huko.

Opinel ya Mfaransa? Mpini wa mti, gramu 50 hivi, pete ya kuzungusha ndiyo loki, wameitia tangu 1955. Naipenda sana kwa matunda. Pete inazunguka kwa mkono wowote, ila kufungua inataka mikono miwili, na zile za chuma cha kaboni hapa Dar zisipofutwa zinapata kutu mara moja. Victorinox ndogo pia ni nzuri, tatizo ni ule mfereji wa ukucha, visu vingi vyao umekaa upande wa mtu wa kulia.

Nimeweka chungwa hapa, ngoja nimenye kwa kushoto. Ganda linatoka utepe mmoja mrefu, bapa jembamba, halishiki. Safi. Sasa kamba ya sandarusi, hii ya kufungia magunia... imekatika kwa mvuto mmoja. Kwa kazi za kila siku, maboksi, kamba, matunda, kinatosha kabisa. Usikitumie kubandulia makopo wala kuchokonolea mbao, mpini wake ni plastiki nyembamba, haukutengenezwa kwa hayo.

Na kwa heshima zetu: mzee akiniomba kisu, nakikunja kwanza, nakihamishia mkono wa kulia, ndipo nampa. Kisu kilichofunguliwa hakikabidhiwi, tena kwa kushoto, hapana.

Bei. Hapa ndipo moyo unaniuma. Huko Marekani kinazidi dola 150, kwa shilingi unaigusa laki nne kabla ya usafiri na ushuru. Laki nne! Nilipoanza kurekodi nilikuwa nataka kuwaambia kinunueni. Kadiri ninavyoongea naona, kwa wengi wetu, hapana. Hataza ya ile loki, yaani haki ya kuzuia wengine wasiiige, imekwisha, na sasa kampuni nyingi zinaitengeneza. Kershaw wanaiita DuraLock, SOG wanaiita XR, na Ganzo wa China wana visu vya loki ya namna hiyo kwa bei ya chini sana. Vitakuwa vizito kuliko hiki, sawa, na chuma chake kitataka kunolewa mara nyingi zaidi. Lakini mkono wako wa kushoto utapata ile ile: vuta, legea, ingia, vidole salama. Mimi ningechukua cha bei hiyo, hela inayobaki ninunue jiwe zuri la kunolea.

Kingine, usiingie nacho Uwanja wa Mkapa, na kwenye ndege kiende ndani ya begi la mizigo, la mkononi watakuchukulia. Usiku mitaani usitembee ukikichezea mkononi, polisi akikukuta hivyo utajieleza mpaka asubuhi.

Wiki ijayo maikrofoni mpya inaanza kazi, ile kelele ya feni mliyoilalamikia itaisha. Video itakuwa ya kunoa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu video karibu zote za kunoa zinafundisha kwa kulia. Kama wewe ni wa mashoto, niandikie hapo chini unatumia kisu gani na umekipata duka gani, hata kama ni cha elfu kumi. Nataka tupate orodha ya maduka ya hapa Dar yenye visu vya kutufaa, nikakague mwenyewe klipu na loki, nirudi kuwaonyesha.