Kamusi ya mtandaoni ya Merriam-Webster mikononi mwa mfasiri: tuipime kwa neno jingoism

Kamusi hupimwa kwa neno gumu, na kwa anayefasiri habari za siasa, neno la Kiingereza jingoism ni kipimo kizuri. Wengi huandika "uzalendo wa kujionyesha" wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya maana. Toleo la bure la Merriam-Webster, kamusi ya Kiingereza ya Marekani, halianguki kwenye mtego huo: fasili yake inataja uzalendo uliopindukia, kisha inaongeza sera ya nje yenye shari. Shari hiyo ndiyo roho ya neno. Anayejitanda bendera uwanjani siku ya mechi anajionyesha tu. Anayetaka nchi jirani ipigwe kwa kuwa "jeshi letu halishindwi" ndiye anayelengwa na neno hili.

Usiruke sehemu ya asili ya neno. Mwaka unaotajwa ni 1878, wakati vita vya Urusi na Waturuki vilipowachemsha Waingereza. Katika kumbi za burudani za London ulivuma wimbo uliojigamba kuwa Uingereza ina meli, watu na fedha, huku ukiapa "by Jingo". Waliotamani vita wakabandikwa jina la kiapo hicho. Ndiyo maana neno hili halimsifu mtu. Lilizaliwa likiwa lawama.

Kasoro iko kwenye fasili yenyewe: inaegemea neno chauvinism, ambalo lina maana kadhaa, ikiwemo ya mwanamume kujiona bora kuliko mwanamke. Anayebofya kiungo na kudaka maana ya kwanza anayoikuta hupotea, na tafsiri yake huharibika bila yeye kujua. Shuka hadi maana inayotaja uzalendo. Mifano ya sentensi pia haitoshi ukisoma mmoja, maana mingi hukusanywa na kompyuta kutoka vyombo vya habari, na kamusi yenyewe inakiri hivyo. Soma mitatu au minne.

Kiswahili chake kamusi hii haitakupa. "Uzalendo wa kichokozi" hufaa karibu kila mahali, na "majigambo ya kivita" hufaa pale maneno yanapozidi vitendo. Kabla ya kuchagua, itazame sentensi ya asili: je, kuna nchi au kundi linalotishiwa? Kama halipo, huenda mwandishi alitumia neno kwa ulegevu, na hapo "uzalendo wa kujionyesha" unatosha. "Ushovinisti", yaani chauvinism iliyotoholewa, waachie wasomaji wa makala za kitaaluma. Ukilitumia gazetini utahitaji kulieleza kwa sentensi nzima.