nofail au x-systemd.automount?

Kwenye seva ya Linux, ukiweka diski ya data kwenye /etc/fstab (faili linaloorodhesha diski za kupandishwa, yaani kuunganishwa na folda zake) na kuiachia chaguo la kawaida, defaults, peke yake, siku ikikosekana systemd, programu inayosimamia uwashaji, huisubiri sekunde 90, kisha seva inaishia kwenye hali ya dharura, inadai nywila ya root. Kama seva iko mbali na huna konsoli, umekwama.

Chaguo la nofail kwenye fstab linaondoa balaa hilo: seva inawaka hata bila diski, na SSH (njia ya kuingia kwa mbali) inaitika. Lakini hapa ndipo nilipoumia. Diski haikupanda, /data, folda yake, ikabaki tupu kwenye diski ya mfumo, na programu ya bekapu ikaendelea kuandika humo bila kulalamika, hadi diski ya mfumo ikajaa. df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski, ndiyo iliyonifumbua macho.

Chaguo la pili, x-systemd.automount, halipandishi diski wakati wa kuwaka. Linasubiri folda iguswe. Diski isipokuwepo, anayegusa anapata kosa, haandiki kwenye diski ya mfumo. Mguso wa kwanza huchelewa kidogo, na kwa hifadhidata inayoanza pamoja na seva sioni faida yake. Kwa diski ya bekapu nalichagua hili, nikiongeza x-systemd.device-timeout=10s ili nisingoje dakika nzima na nusu.