Uzoefu wangu: kurekebisha rasimu ya riwaya kwa Scrivener 3

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kupanga upya matukio ya riwaya, sijatumia programu inayoifikia Scrivener, programu ya kompyuta ya kuandikia kazi ndefu kwa vipande. Kwa kunyoosha sentensi, ihame. Wengi wanaoilaumu wameanza kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Rasimu ikiwa kwenye Word, usiibandike nzima kama kipande kimoja. Kila tukio linapoisha, weka alama ya # peke yake kwenye mstari, kisha iingize kwa amri ya Import and Split. Programu itakata penye alama hizo, na kila tukio litajitokeza peke yake kwenye orodha ya kushoto. Kata kwa tukio, si kwa sura. Sura ya maneno 4,000 isipogawanywa, kuhamisha mazungumzo yaliyo katikati yake kunakurudisha kwenye kukata na kubandika, na hapo ungeweza kubaki na Word yako. Palipobaki pameungana, weka kishale na ubonyeze Ctrl+K, au Command+K kwenye Mac.

Baada ya hapo usiguse sentensi hata moja. Soma kila tukio na ujaze kadi yake, yaani nafasi ya muhtasari ambayo Scrivener huipa kila kipande: nani anataka nini, nini kinamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Andika kilichomo kwenye ukurasa, si ulichokusudia kuandika. Hapa ndipo waandishi hujidanganya. Kadi isiyo na jibu la swali la tatu inaonyesha tukio la kuunganishwa na jirani yake, la kupewa badiliko, au la kuondolewa. Rangi za lebo nazipangia msimulizi: kila anayetazama tukio ana rangi yake. Ukifungua mwonekano wa muhtasari wenye safu ya idadi ya maneno, utaona bila kubahatisha mhusika aliyepotea kwa matukio tisa mfululizo. Katika riwaya ya maneno 80,000, mgogoro mkuu ukianza baada ya maneno 30,000, ulaini wa lugha hautaiokoa.

Ongeza pia safu yako mwenyewe ya siku ya tukio. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayomnasa mhusika aliyevunjika mkono Jumatatu na Jumatano yuko shambani analima.

Kabla ya kubadilisha tukio lolote, chukua Snapshot, yaani nakala ya matini ilivyo wakati huo, kwa Ctrl+5 (Command+5 kwenye Mac) na uipe jina linaloeleza kitu, kwa mfano "kabla ya kubadili msimulizi". Unaweza kulinganisha matini ya zamani na mpya, au kuirudisha ya zamani nzima. Kuna mtego: Snapshot huhifadhi matini ya kipande hicho tu. Mpangilio wa matukio hauhifadhi. Ukivuruga mfuatano wa sura kumi na kujuta, haitakusaidia. Kabla ya kuhamisha chochote, hifadhi nakala ya mradi mzima.

Upande wa lugha naupa alama za wastani. Orodha ya marudio ya maneno ipo, ila kwa Kiswahili inapotosha, kwa sababu "alikuwa", "walikuwa" na "ilikuwa" huhesabiwa kama maneno matatu tofauti. Tafuta kipande "likuwa" badala ya neno zima, na utashangaa. Fanya hivyo pia kwa "ghafla" na "kwamba". Uwezo wa kuonyesha mazungumzo pekee na kufifisha mengine unategemea alama za kunukuu, hivyo hufanya kazi katika lugha yoyote, mradi alama zako zifungwe sawasawa. Ni njia nzuri ya kugundua kwamba wahusika wote wanaongea kwa mdomo mmoja.

Mifupa ikishakaa, toa faili ya .docx kwa Compile, amri inayounganisha vipande vyote kuwa faili moja, na usirudi nyuma. Maoni ya mhariri yakishaingia kwenye Word, hakuna njia safi ya kuyarudisha kila moja kwenye tukio lake. Compile yenyewe ni sehemu ngumu kuliko zote: kila tukio likitoka na kichwa chake kama sura, umekosea kuoanisha aina za vipande na miundo yake, si kwamba programu imeharibika. Usomaji wa mwisho naufanya kwa masikio. Kivinjari cha Edge kina sauti za Kiswahili, na sentensi iliyojikunja huisikia mara moja kabla jicho halijaiona.

Jambo moja la kiufundi: mradi wa .scriv ni folda yenye faili nyingi ndogo. Ukiufungua kwenye kompyuta ya pili kabla ulandanishi (sync) wa faili hizo haujakamilika, matini hugongana. Watengenezaji wake, Literature & Latte, wanashauri usiuweke kwenye Google Drive.

Majaribio ya bure ni siku 30, na huhesabiwa siku ulizoifungua tu. Usizipoteze kwa hadithi fupi ya mazoezi. Ingiza rasimu nzima, jaza kadi zote, kisha uamue kama inafaa kulipiwa.