Siku tatu Serengeti na gari la kukodi: nyota nne, na sababu zake

Tumerudi Mwanza juzi na vumbi bado linatoka masikioni. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, wifi yangu na mwanawe wa darasa la sita, na mama yangu mzazi, miaka 67, mtu wa Sengerema ambaye nyumbu alikuwa akimjua kwa televisheni tu. Tulikodi Land Cruiser ya paa la kufunguka, dereva, mpishi na mahema kutoka kampuni ndogo ya hapa mjini. Jina silitaji, maana nina lawama nao kidogo na sitaki kugombana na mtu wa mtaa mmoja.

Njia yetu ilikuwa lango la Ndabaka, lile la barabara ya Musoma, baada tu ya Lamadi. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa hulipita kila mwezi kwenye basi na hawajawahi kuingia. Kiingilio cha Mtanzania ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, kibali cha saa 24. Fedha taslimu hazipokelewi, kwa hiyo hakikisha malipo yako yamekamilika kabla hujakaa foleni. Sisi mtandao ulitugomea na tukapoteza karibu saa nzima, mpishi akaanza kukaanga mihogo palepale kwenye maegesho.

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya umma Seronera. Hakuna uzio. Jiko ndilo limezungushiwa wavu, wanadamu wako nje. Fisi walilia mpaka alfajiri na wifi yangu alikesha akihesabu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ya pili tulikwenda kaskazini, Lobo kisha Kogatende, kwenye Mto Mara. Mwendo mwisho kilomita 50 kwa saa, na barabara yenyewe ina rasta za asili, hata ukitaka kukimbia meno yatakukataza. Ilikuwa Agosti, msimu wa kuvuka. Tulipofika, nyumbu walikuwa wamejaa ng'ambo, wengi kiasi kwamba ardhi ilionekana nyeusi, wakisogea ukingoni na kurudi nyuma. Dereva wetu akazima injini chini ya mti, mbali na mto kama urefu wa viwanja viwili vya mpira.

Magari mengine hayakusimama. Yalishuka mpaka ukingoni, upande wa huku, pale hasa wanyama wangetokea. Nilihesabu 43 nikaacha. Abiria wa gari moja walitoka nje wakapanda juu ya boneti kupiga picha, jambo ambalo haliruhusiwi kabisa.

Nami, niseme ukweli, nilikuwa miongoni mwa walioharibu hali ya hewa ndani ya gari letu. Nikamwambia dereva, "Kaka, sogea basi. Hatukutoka Mwanza kuja kuangalia migongo ya magari."

Akajibu bila kugeuka, "Dada, utaratibu ni kusubiri mbali hadi wa kwanza waingie majini. Wakishaingia, wa nyuma wanafuata tu, hapo naweza kukusogeza. Kabla ya hapo tunawafungia mlango."

Mume wangu akaanza kunung'unika kuhusu fedha yetu. Aliyemnyamazisha ni mama. "Mwacheni kijana. Hamkumbuki Kigongo enzi za kivuko? Wa kupanda wamejazana mlangoni, wa kushuka watashukia wapi?"

Kama umewahi kuvuka Kigongo kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, huhitaji maelezo zaidi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Walioongoza walifika majini, wakaona ule ukuta wa magari, wakageuka. Kundi zima likakimbia kufuata mto na kujitosa mahali ambapo ukingo wa huku ni mwinuko wa udongo mtupu. Waliofika chini yake hawakuweza kupanda, na wa nyuma waliwakanyaga. Ndama nilioweza kuwaona kwa darubini, sitaki kuwaeleza. Askari wa hifadhi walifika na gari moja, wakayarudisha nyuma magari yaliyokuwa mbele, lakini nyumbu walikuwa wameshachagua. Video ya mama ina sekunde 11 za nyumbu na dakika nne za vumbi.

Jioni, kwenye moto, nilimuuliza dereva kwa nini wenzake wanafanya vile na wote wanajua. Akasema mambo mawili. Kwanza redio: mmoja akitangaza kuwa nyumbu wako ukingoni, kila mtu anageuza gari kwenda huko. Pili bahashishi. Mgeni asiyepata picha ya karibu hutoa kidogo, au anaandika vibaya kuhusu dereva, na kesho dereva huyo hapangiwi safari. Kwa maneno mengine, anayekanyaga mafuta ni mimi niliyekaa nyuma nikisema "sogea kidogo".

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kupandisha bei. Ng'ambo ya mpaka, Maasai Mara, tangu 2024 mgeni asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Aliyelipa hivyo atamsukuma dereva zaidi au kidogo? Na kwetu huku, bei ikipanda atakayebaki nyumbani ni mama yangu, wala si yule wa juu ya boneti. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Haijajaa hata kidogo. Tulisafiri saa mbili nzima bila kuona gari. Kinachojaa ni vivuko vichache vya mto mmoja, wiki chache za mwaka. Mimi ningeweka idadi ya magari kwa kila kivuko na zamu, kama wanavyofanya kwa sokwe wa milimani Rwanda na Uganda: wageni wanane kwa familia, saa moja, mnaondoka. Watu wanalipa na hawalalamiki.

Dereva nampa tano kamili. Nyota iliyopungua ni ya ofisi yao: tairi la akiba lilikuwa kipara, na gesi iliisha usiku wa pili tukala mkate na parachichi. Nilipopiga simu niliambiwa "tutalifanyia kazi", na wote tunajua maana yake.

Ukienda, beba leso mbili za vumbi, koti zito la asubuhi, na ujaze maji Lamadi kwenye madumu. Wazee wachukulie mto wa kukalia. Na unapokodi, kabla ya kuuliza bei, uliza kama dereva wao anakubali kusubiri chini ya mti. Wakisema "tutawafikisha karibu kabisa", tafuta wengine.