Ukuta wa bloku uliovishwa mawe, Minnesota: uzoefu wangu na mafundi waliotujengea

Kiwanja chetu hapa St. Paul kina mteremko nyuma ya nyumba, na ukuta wa mbao wa kuzuia udongo tulioukuta tulipohamia ulikuwa umeshaanza kulalia bustani. Tukaamua kujenga mpya wa bloku za zege na kuuvisha mawe ya asili. Sasa umeshaonja baridi ya Minnesota vya kutosha, na Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza kama kazi ile ilistahili pesa yake. Ukuta naupa nyota tano, uvishaji wa mawe nyota nne, ofisi ya mkandarasi nyota mbili.

Wakandarasi waliokuja kutazama walipishana bei kupita kiasi, na tofauti haikuwa kwenye mawe. Ilikuwa chini ya ardhi. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi upande huu wa kusini wa jimbo ushuke inchi 42, zaidi kidogo ya mita moja. Kaskazini ni inchi 60. Lengo ni msingi ukae chini ya udongo unaoganda. Mkandarasi mmoja, mwenye bei nafuu, alitaka kuchimba futi moja na nusu tu, eti zege ni zege. Kwetu Moshi ukuta wa kimo kile ungekaa juu ya msingi huo hadi wajukuu. Hapa maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na hilo bado si baya sana. Udongo wenye chembe laini unaendelea kunyonya maji kutoka chini, barafu inajijenga tabaka kwa tabaka, na chochote kilicho juu yake kinanyanyuliwa. Ukuta uliounganishwa kwa saruji hauwezi kupinda. Ukinyanyuliwa upande mmoja unapasuka, na mawe yanaachia.

Tukawachukua waliotaja inchi 42 kabla hatujawauliza. Shemeji yangu, alipoona picha za shimo, alisema tumezika nyumba nzima ya Moshi ardhini. Hakukosea sana. Kabla ya kijiko cha kuchimbia kuingia walipiga simu namba 811 ili mabomba ya gesi na nyaya za umeme vitiwe alama. Kwa kuwa ukuta wetu, ukipimwa kutoka chini ya msingi, unazidi futi 4, ulihitaji kibali na hesabu za mhandisi. Hayo yote waliyabeba wao, na mkaguzi wa jiji aliziona nondo kabla zege halijamwagwa.

Kilichonifanya niwaheshimu ni kazi ya nyuma ya ukuta, ile ambayo mgeni hataiona kamwe. Nondo zilipanda kutoka kwenye msingi zikapita ndani ya matundu ya bloku, na matundu yakajazwa zege. Mgongo wa ukuta ukapakwa dawa nzito nyeusi ya kuzuia maji. Chini wakalaza bomba lenye vitundu, likishuka taratibu hadi kona ya chini ya uwanja, kisha kokoto safi zisizo na vumbi, upana wa kama futi moja, kutoka bombani hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo wakatandika kitambaa cha kuchuja ili matope yasizibe nafasi. Niliuliza kwa nini kokoto zote zile. Fundi mkuu akanieleza kwamba baridi haiji kutoka juu tu, inapenya pia kupitia uso wa ukuta. Udongo wenye maji ukigusa mgongo wa bloku utagandia hapohapo na kuusukuma ukuta nje. Theluji inapoyeyuka huwa naenda kutazama mdomo wa bomba, na maji yanatoka kama yalivyokusudiwa.

Kwa mawe tulichagua graniti iliyokatwa nyembamba, unene wa kama inchi moja. Minnesota ina graniti yake, na mji wa St. Cloud umejulikana kwayo tangu zamani. Muuzaji alitusukumia mawe ya kutengenezwa kwa saruji, mepesi na ya bei rahisi. Kwenye ukuta wa nyumba, chini ya paa, sina ugomvi nayo. Kwenye ukuta unaokaa na udongo mgongoni na kurushiwa chumvi ya kuyeyusha barafu mbele, siyataki: kwa jirani yalibanduka ngozi. Fundi wetu alipaka mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, mgongo mzima wa kila jiwe, si madonge manne ya pembeni, maana pengo lolote ni kikombe cha maji kinachosubiri kuganda. Mawe ya juu yanatokeza mbele kidogo na yamechongwa mfereji chini ili tone lidondoke badala ya kutambaa ukutani.

Kama ukuta wako ni mfupi, usifuate njia yetu. Chukua bloku za kupanga bila kuunganishwa kwa saruji, zikae juu ya kokoto zilizoshindiliwa vizuri. Zinacheza kidogo na ardhi bila kupasuka, hazidai msingi wa kina hiki, na sisi tulipewa bei yake karibu nusu ya tuliyolipa. Uzuri wake si huu, hilo nakiri.

Sasa zile nyota nilizozikata. Walichelewa kuanza hadi uvishaji wa mawe ukaangukia kwenye baridi, na joto likishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi saruji inahitaji kulindwa. Wakafunika kwa maturubai na kuwasha hita, vizuri kabisa, kisha wakatutoza hita hizo ilhali ucheleweshaji ulikuwa wao. Ofisi haipokei simu. Ukitaka jibu, mvizie fundi. Na kiungo kimoja kati ya mawe ya juu kimeshafunguka ufa mwembamba. Nimewatumia picha, wameahidi kuja kukiziba ardhi ikipata joto. Nyota ya tano ya mawe inasubiri hapo.