Nimelipia kusetiwa gitaa Dodoma, nimefungiwa nyuzi tu

Ukinunua gitaa la umeme hapa Dodoma ukaambiwa kuseti ni shilingi 30,000, uliza kwanza wao kwa kuseti wanamaanisha kufanya nini. Mimi niliacha dukani gitaa jipya la umbo la Stratocaster, tremolo yake (briji inayochezeka, inayoshikwa na springi za mgongoni) inaelea, lina nyuzi za kiwandani za 9 hadi 42, yaani unene wa uzi mwembamba hadi mnene kwa elfu za inchi. Nikaomba wafunge 10 hadi 46 na waliseti upya kwa nyuzi hizo. Nililolipokea lilikuwa na briji (chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) iliyonyanyuka nyuma, nyuzi ziko juu mpaka kubana kodi ya F ni adhabu, na kila noti kuanzia freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 imepanda kuliko inavyotakiwa. Nilipouliza, fundi hakulishika hata hilo gitaa. "Litazoea tu, kaka. Jipya hilo."

Lizoee nini? Kinachozoea ni nyuzi peke yake. Nyuzi mpya hulegea mwanzoni. Unazivuta kwa mkono, unatuni tena, unarudia mpaka zitulie, basi. Springi hazizoei. Skrubu haijikazi yenyewe usiku.

Na hesabu yake si ngumu. Kwenye gitaa la urefu huo, milimita 648 kutoka nati ya kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) hadi briji, seti ya 9 hadi 42 ikituniwa kawaida inavuta jumla ya kilo 38 hivi. Ya 10 hadi 46 inavuta karibu kilo 46. Tremolo inayoelea ni mizani: nyuzi zinavuta upande mmoja, springi za mgongoni zinavuta upande wa pili. Umeongeza kilo nane upande wa nyuzi, springi hukuzigusa, kwa hiyo lazima briji iinuke. Ikiinuka, nyuzi zinapanda nayo na urefu wa kila uzi unabadilika, ndiyo maana na sauti za juu zikaharibika. Ni kosa moja, likazaa matatizo matatu, na fundi wa magitaa alitakiwa kuliona kabla sijafungua mdomo.

Dawa yake ni bisibisi ya nyota tu. Unafungua kifuniko cha plastiki cha mgongoni, unaona kile chuma kinachoshika springi, kimefungwa na skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Unazikaza zote mbili sawasawa, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na kila ukikaza unatuni upya nyuzi zote sita, kwa sababu kila ukivuta upande mmoja, ule mwingine nao unahama. Unaendelea mpaka nyuma ya briji ibaki wazi milimita 3 hivi juu ya bodi. Skrubu zikikaribia kwisha na briji bado iko juu, ongeza springi ya nne. Langu lilikuja na tatu. Nilipofungua kifuniko, vumbi la kiwandani lilikuwa bado limekaa kwenye vichwa vya skrubu. Hakuna bisibisi iliyopita hapo.

Kama hutaki kugusa springi sana, shusha tuni nusu toni, mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11. Lakini hilo nilipaswa kuambiwa na mtu aliyechukua hela yangu.

Shingo nayo haikuguswa, na hapa Dodoma shingo ndiyo ya kuangaliwa kuliko kitu kingine. Magitaa mengi yanapanda huku kutoka Dar es Salaam yameshiba unyevu wa pwani. Yakifika kwenye kiangazi chetu na upepo wake, mbao inakauka: freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja, shingo inarudi nyuma. Nyuzi nene kwa upande wake zinaivuta mbele. Inawezekana kabisa vitu hivyo viwili vikakutana katikati na chuma cha ndani ya shingo kisihitaji kuguswa, lakini huwezi kujua bila kupima. Bana uzi wa sita, ule mnene, freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha nyuzi), uubane tena pale shingo inapoungana na bodi, halafu pima nafasi iliyobaki juu ya freti ya 8. Unataka milimita 0.25. Kipimo kinapatikana, ni fila ileile wanayotumia mafundi wa magari kwenye vali, ulizia maduka ya spea. Nafasi ikizidi, kaza chuma hicho kwa alenki robo mzunguko kwenda kulia, tuni, pima tena. Ikikosekana kabisa, legeza. Usizidishe robo kwa mara moja. Na mvua zikianza ujue utapima tena.

Baada ya shingo ndipo unashusha nyuzi, milimita 1.6 kwenye freti ya 17 inatosha, halafu unalinganisha sauti. Piga harmoniki ya freti ya 12 (unagusa uzi tu bila kuubana), halafu bana freti hiyohiyo. Noti iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha sadeli (kichuma cha briji kinachobeba uzi) nyuma, uzi urefuke. Ikiwa chini, isogeze mbele. Sisi tunaishi nchi ya zeze na ilimba, kwa kina Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, na kila anayeshika ilimba anajua kwamba ukirefusha ulimi wa chuma sauti inashuka. Kanuni ni hiyohiyo. Fundi wa Dodoma atashindwaje?

Niwe mkweli, gitaa lenyewe ni zuri. Shingo imenyooka, pikapu hazina kelele, na dada wa kaunta alinipokea vizuri akanipa mkanda bure. Hata nyuzi zimefungwa kwa mkono safi: mizunguko miwili, mitatu kwenye kila ufunguo, ikishuka chini, haipandani. Kwa hiyo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu na kusema ni haraka tu ya siku ile.

Mpaka nilipotuni uzi wa tatu nikasikia "tik". Unakaza, sauti haipandi, unakaza tena, inaruka. Huo ni uzi ulionasa kwenye nati ya kichwani. Kwa kawaida kupanda namba moja tu nati inakubali, ukisugua ncha ya penseli kwenye mfereji yatosha, na ikigoma unapanua kidogo kwa tupa yake maalumu, bila kwenda chini. Nilipotoa uzi nikakuta mfereji umeshachimbwa kwa msasa uliokunjwa: mpana juu, chini umekwenda upande, kingo zimechanika. Kipimo chake ni kubana uzi freti ya tatu na kuangalia juu ya freti ya kwanza, pawepo upenyo mdogo wa karatasi. Wangu umelala juu ya freti. Ukiupiga wazi, unakwaruza freti.

Kwa hiyo alijua. Aliona uzi unanasa, akachokora, akaharibu, akanyamaza, halafu akaniambia litazoea. Angefunga nyuzi tu na kuniambia "kuseti siwezi" ningemlipa na kumshukuru. Nyota moja. Kununua nunueni, bei zao si mbaya na dada yule ni mwungwana. Kuseti, chukueni bisibisi, alenki na fila mfanye wenyewe, au tafuteni fundi ambaye, kabla hajashika funguo, anageuza gitaa na kuangalia springi. Mimi sasa natafuta nati mpya ya mfupa, na itakayopatikana haitapita mikononi mwake.