Duka la mifuko ya stoma, Upper Hill

Tangu baba afanyiwe upasuaji wa utumbo, kile chekundu kilichobaki tumboni sisi nyumbani Umoja tulikiita kidonda. Tukakitunza kama kidonda: spiriti, pamba, na maombi kizibe. Mifuko ya kwanza, ya kukingia choo kinachotokea hapo, niliinunua famasi ya mtaani. Tundu lake lilikuwa pana mno, choo kikavujia ngozini hadi ikababuka. Mzee akaacha kwenda kanisani.

Duka hili liko ghorofa ya pili, karibu na Hospitali ya Kenyatta. Lifti hakuna, na hilo ni kosa kubwa kwa duka ambalo wateja wake wametoka kushonwa tumbo. Lakini dada anayehudumu pale anaijua kazi. Nilipotaja kidonda akanikatiza.

"Mama, soma hapa kwenye boksi. Stoma. Ni Kigiriki, maana yake mdomo. Kidonda unakiombea kifunge. Huu ukifunga, mzee yuko hatarini."

Akaniambia ule ni utumbo wenyewe umetolewa nje, ndiyo maana una rangi na unyevu kama ndani ya shavu. Hausikii maumivu, kwa hiyo unaweza kuumia mzee asijue. Spiriti ikome, maji ya vuguvugu yanatosha. Akanipa karatasi ya kupimia na kunionyesha jinsi ya kukata tundu lizidi mdomo kwa milimita 2 au 3 tu.

Jioni binti yangu wa kidato cha tatu akaliona boksi. "Kwani hili si neno la majani?" Akaleta daftari: stomata, vitundu vya jani, kila kimoja na seli mbili za ulinzi. Zikijaa maji kinafunguka, zikinywea kinajifunga. Babu yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wake una walinzi wangapi. Tukamweleza hauna hata mmoja. Hakuna msuli wa kuubana, ndiyo sababu ya mfuko. Hakuwa ameuliza lolote kuhusu tumbo lake tangu atoke wodini.

Mfuko mmoja ni shilingi 450, umezidi bei ya mtaani, ila hii ni wiki ya tatu na hakuna uliovuja. Stoma hunywea wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kwa hiyo pimeni upya kabla ya kununua mingi. Jumapili hawafungui.